Mkenya Aliyejifunza Mkuki kwa Macho



Mnakumbuka kwamba mwezi wa pili sisi makapita tulipita darasa kwa darasa tukikusanya fimbo. Tulipata kumi na saba. Nyingi zilikuwa za mwanzi, nyingine za mukalatusi zilizochongwa ncha kwa panga, na moja ilikuwa nondo ya chuma, ambayo tuliikuta imefichwa nyuma ya vyoo. Sababu mnaijua. Fimbo moja ilitupwa nyuma ya jengo la mwaka wa tatu ikampita karibu sana binti mmoja aliyekuwa anachota maji. Haikumgusa yeye, lakini iliingia katika ndoo yake ya plastiki ikatokea upande wa pili, na maji yote yakamwagika. Tangu siku ile bwana Perefe amekataza kutupa kitu cho chote kirefu ku masomo, na kazi ya kuangalia tumepewa sisi.

Siku ya kukusanya, mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza alishika fimbo yake kwa mikono miwili akatuuliza: "Yaya kapita, juu ya nini munabeba fimbo yetu? Ule mutu wa Kenya naye alianzaka na fimbo!" Tulimwambia anyamaze, njo jibu la kapita asiye na jibu. Lakini neno lile halikututoka kichwani. Jioni tulichanga franka za kununua mega, tukatafuta habari za mtu huyo katika telefone ya mwenzetu mmoja, na tuliyoyakuta tunayaeleza hapa. Tunasema mbele kwamba maelezo haya yana kazi nyingine pia. Tulikwenda kwa bwana Perefe kumwomba atufungulie mahali pa kutupia, naye akatujibu: "Andikeni kwanza. Nikiona munafahamu kitu munachoomba, tutazungumza." Basi tunaandika.

Mtu huyo anaitwa Julius Yego. Alizaliwa tarehe 4 Januari 1989 katika Nandi, upande wa magharibi ya Kenya. Anayesikia jina la Nandi anafikiri mbio, na hakosei. Kipchoge Keino aliyeshinda mita 1500 Mexico mwaka 1968 ni mtu wa Nandi. Eliud Kipchoge, yeye aliyekimbia kilometa 42 na mita 195 chini ya saa mbili huko Vienna mwaka 2019, ni wa Nandi vilevile. Kule mtoto anakimbia kwenda masomo, anakimbia kurudi, na akiwa na mguu mwepesi kuna watu wa kumwona na kambi za kumpokea. Kijana wa kule akisema anataka kutupa mkuki, ni sawa na mtoto wa Lubumbashi aseme mupira haumpendezi. Sisi tunajua uzito wa jambo hilo. Tangu Mazembe ifike fainali ya vilabu vya dunia kule Abu Dhabi mwaka 2010 (tulifungwa na Inter 3 kwa 0, lakini tulifika), nani hapa Kinsevere angeacha kupiga mupira aende kutupa fimbo? Wengine wetu tulikuwa watoto wadogo sana wakati ule, lakini Kidiaba akiruka juu ya matako tunaigiza mpaka leo.

Yego akiwa mtoto alichonga mikuki yake katika matawi ya miti. Hapo mtoto wa mwaka wa kwanza alisema kweli, si bongo. Alitupa katika mashindano ya masomo, akashinda, akaendelea. Lakini mtu akiisha kuwa wa kwanza katika mchezo ambao karibu hakuna anayeucheza, anabaki peke yake. Hakuwa na mwalimu wa mkuki wa kumwonyesha kosa lake. Basi alifanya jambo ambalo limemtangaza kuliko hata medali zake: alikwenda katika vyumba vya intaneti, akalipa, akakaa mbele ya kompyuta, akafungua YouTube na kuangalia watupaji wakubwa. Alimwangalia Jan Železný wa Chekia, mwenye rekodi ya dunia ya mita 98.48 tangu mwaka 1996. Alimwangalia Andreas Thorkildsen wa Norway, aliyeshinda Olimpiki mara mbili, 2004 na 2008. Akitoka pale alikwenda uwanjani kujaribu aliyoyaona. Siku hizi watu wanamwita Bwana YouTube.

Sisi nasi tuliangalia. Na hapa tunataka kukaa kidogo, kwa sababu mega zetu nyingi ziliishia hapa.

Mara ya kwanza tuliona paka mkono. Mtu anakimbia, mkono unatupa, mkuki unakwenda. Mwenzetu mmoja mwenye misuli alisema, "Mimi nako niko na mukono kama ule." Mtupo mzima hauchukui sekunde kumi. Tuliurudisha nyuma, tukauangalia tena na tena, kisha tukafaulu kupunguza mwendo wa video, na ndipo tukaona kwamba tulikuwa tunaangalia mahali pasipo penyewe. Jambo lenyewe liko katika mguu wa kushoto.

Tunajaribu kueleza. Mtupaji wa mkono wa kuume anaanza kukimbia mbele, mkuki uko juu ya bega. Karibu na mwisho anaurudisha mkuki nyuma kabisa mpaka mkono wake umenyooka, anageuza ubavu wake mbele, na miguu inaanza kupishana kama mtu anayekimbia kiubavu. Kisha inakuja hatua ya mwisho. Mguu wa kushoto unafika mbele, umenyooka, unagonga chini, na haukunji. Ni breki. Sasa fikirini kamio lililojaa mawe ya shaba likishika breki ghafula katika njia yetu ya vumbi: kamio linasimama, lakini mawe yanataka kuendelea. Njo vile vile hapa. Miguu imesimama, mwendo wote wa mbio hauna pa kwenda, unapanda katika kiuno, kiuno kinageuka, kinavuta kifua, kifua kinavuta bega, bega linavuta kiwiko, na mkono unatoka mwisho wa yote kama ncha ya mjeledi. Mkono haufanyi kazi peke yake. Unapokea kazi ambayo imekwisha kufanywa chini. Kwa watupaji wakubwa mkuki unatoka mkononi na mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kwa saa.

Baada ya kuona hivi tulielewa kwa nini mwenzetu mwenye misuli, ambaye alikuwa anatupa amesimama, fimbo yake ilikuwa haipiti ya binti mmoja wa mwaka wa tano ambaye alikuwa anakimbia kidogo kabla ya kutupa. Hakufurahi tulipomwambia.

Yego mwenyewe si mtu mkubwa. Ana mita 1.75 tu, na wengi wa wale anaoshindana nao wanamzidi kichwa. Tero Pitkämäki wa Ufini, ambaye atatajwa tena chini, ana mita 1.95. Mtu mfupi anayetupa mbali ni lazima mwendo wake uwe mkali sana na breki yake iwe safi. Wengine wanasema ni damu, kwa sababu Wanandi ni watu wa mikuki tangu zamani. Sisi hatukubali. Babu zetu Balamba nao waliwinda kwa mikuki katika pori hili hili, na hatujasikia ye yote wao aliyefika mita 90. Mkuki wa kuwinda ni mzito, na mwindaji mwenye akili anamkaribia mnyama kwanza. Ni kazi nyingine kabisa.

Mkuki wa mashindano wa wanaume una gramu 800 na urefu wa mita 2.60 mpaka 2.70. Wa wanawake una gramu 600 na urefu wa mita 2.20 mpaka 2.30. Wavulana wasiofika miaka 18 wanatupa wa gramu 700, wasichana wa gramu 500. Si mzito, chupa ya maji ya lita moja inaushinda. Nondo tuliyoikuta nyuma ya vyoo tuliipima kwa mizani ya mama mmoja wa sokoni: kilo mbili na zaidi. Aliyekuwa anaitupa alikuwa anaharibu bega lake bure.

Sasa turudi kwa Yego. Mwaka 2010 alipata shaba katika mashindano ya Afrika yaliyofanyika Nairobi. Mwaka 2011 alikwenda Maputo, Msumbiji, katika Michezo ya Afrika, akapata dhahabu kwa mita 78.34. Watu wengi wanaosimulia habari zake wanaruka kutoka chumba cha intaneti mpaka dhahabu ya dunia, kama vile katikati hakuna kitu. Sisi tunaona hapo njo wanapokosea, na njo mahali ambapo mtoto wetu wa mwaka wa kwanza naye alikosea. Baada ya Maputo, chama cha riadha cha dunia kilimsaidia kwenda kujifunza katika Ufini, mahali panapoitwa Kuortane. Ufini ni nchi ambayo mkuki kwao ni kama mupira kwetu. Kule alimkuta mwalimu anayeitwa Petteri Piironen. Mara hiyo kulikuwa na mtu wa kusimama pembeni, kumwangalia YEYE, na kumwambia: hapa umekosea. Video haiwezi kufanya hivyo. Wewe unaiona, yenyewe haikuoni. Železný wa katika kompyuta hawezi kukuambia kwamba mguu wako umekunja.

Ona namna mita zilivyopanda. London 2012, katika mchujo, alitupa mita 81.81, akaingia fainali ya Olimpiki, akawa wa 12. Dhahabu ya siku ile ilichukuliwa na kijana wa miaka 19 wa Trinidad na Tobago, Keshorn Walcott, kwa mita 84.58. Moscow 2013, mashindano ya dunia, Yego alitupa 85.40 akawa wa nne. Glasgow 2014, michezo ya Jumuiya ya Madola, alipata dhahabu kwa 83.87, na mwaka ule ule huko Marrakech akawa wa kwanza katika Afrika.

Halafu Beijing, tarehe 26 mwezi wa nane 2015. Kila mtupaji aliyebaki katika fainali anatupa mara sita, na inahesabiwa ile ndefu kupita zote. Mara ya tatu Yego alikimbia, akashika breki, akatupa, na kwa nguvu aliyoitoa akaanguka kifudifudi karibu na mstari. Wapya katika mchezo huu wanacheka wakimwona anaanguka. Lakini jueni kwamba akigusa mstari hata kwa kidole, mtupo unafutwa, kwa hiyo mtu anayeanguka vile ni lazima ajue vizuri anaangukia wapi. Mkuki ulifika mita 92.72. Katika uwanja wa mupira wenye mita 105, simama juu ya mstari wa goli moja, tupa, na mkuki utaanguka ndani ya eneo la penalti la goli la pili. Kwa miaka 14 hapakuwa na mtu duniani aliyefika hapo. Ni rekodi ya Afrika. Wa pili alikuwa Ihab Abdelrahman wa Misri, 88.99, na wa tatu Pitkämäki, 87.64. Kabla ya Yego, Mwafrika mmoja tu alikuwa ameshinda mkuki katika mashindano ya dunia ya wanaume, Marius Corbett wa Afrika Kusini, Athens 1997. Na kwa Kenya, nchi yenye medali za mbio zisizohesabika, ilikuwa dhahabu ya kwanza ya dunia katika mchezo usio wa kukimbia.

Mwaka uliofuata, 2016, ulikuwa Olimpiki ya Rio. Magazeti yaliandika kwamba Yego alifika uwanja wa ndege wa Nairobi akakuta tiketi yake haiko. Alisafiri baadaye. Katika fainali, mtupo wake wa kwanza ulikwenda mita 88.24, na kwa muda mrefu akawa mbele ya wote. Kisha kifundo cha mguu kikamwumiza, hakuweza kuendelea, akatolewa kwa kiti cha magurudumu. Thomas Röhler wa Ujerumani akampita kwa mita 90.30. Yego akapata fedha, Walcott shaba.

Mguu unaoshika breki njo unaobeba mwili wote, na mwili unaotupa hivyo siku kwa siku unalipa. Miaka iliyofuata ilikuwa ya maumivu. Tokyo mwaka 2021 hakupita hata mchujo. Wengi walisema amekwisha. Lakini Birmingham 2022 alipata shaba katika michezo ya Jumuiya ya Madola, na katika Olimpiki ya Paris 2024, akiwa na miaka 35, alitupa 87.72 akawa wa tano. Sisi tulipoona tarakimu hiyo tulidhani tumesoma vibaya.

Hapa mtaruhusu twende mpaka Uhindi, kwa sababu bila Uhindi jambo hili halijakamilika.

Katika kijiji cha Khandra, jimbo la Haryana, kulikuwa na kijana anayeitwa Neeraj Chopra, aliyezaliwa mwezi wa kumi na mbili 1997. Alikuwa mnene, wenzake walikuwa wanamcheka, na wazazi walimtuma mjini Panipat afanye mazoezi apunguze mwili. Kule uwanjani aliona vijana wanatupa mikuki, naye akashika mmoja. Nchi yake ilikuwa ya kriketi na hoki ya majani. Naye vilevile aliangalia video za Železný. Mnaona, ni kama Yego: nchi inayopenda mchezo mwingine, na mwalimu yule yule wa katika kioo. Mwaka 2016 huko Bydgoszcz, Poland, alitupa mita 86.48, rekodi ya dunia ya vijana wasiofika miaka 20. Tarehe 7 mwezi wa nane 2021 huko Tokyo alipata dhahabu ya Olimpiki kwa 87.58, ya kwanza ya Uhindi katika riadha. Budapest 2023 alipata dhahabu ya dunia kwa 88.17. Paris 2024 alitupa 89.45, akapata fedha, kwa maana Arshad Nadeem wa Pakistani, nchi jirani ambayo haipatani na Uhindi, alitupa 92.97. Mama yake Neeraj aliambia waandishi wa habari kwamba huyo Nadeem naye ni mtoto wake. Mwisho wa mwaka ule Neeraj alimchukua Železný mwenyewe kuwa mwalimu wake, yule yule wa video, na mwezi wa tano 2025 huko Doha alipita mita 90 mara ya kwanza, 90.23.

Lakini kitu kilichotushangaza zaidi si Neeraj mwenyewe. Katika fainali ile ya Budapest, Wahindi walikuwa watatu katika sita wa mbele. Neeraj wa kwanza, Kishore Jena wa tano, D. P. Manu wa sita. Nyuma ya mmoja wametokea wengine. Kenya, tangu Yego aingie fainali ya Olimpiki mwaka 2012, hakuna Mkenya mwingine aliyefika fainali ya Olimpiki ya mkuki. Si kwamba vijana wa Kenya hawana macho ya kuangalia video. Wanazo telefone kutuzidi sisi. Ila mkuki unataka vitu ambavyo havimo katika telefone: mikuki yenyewe, uwanja ambao hakuna mtu anayepita, na mtu wa kukuangalia siku zote. Macho yalimtoa Yego katika watu wa kwao. Yaliyomfikisha mita 92 ni Kuortane.

Tarehe 5 mwezi wa saba 2025 Neeraj alifanya mashindano yenye jina lake huko Bengaluru. Alishinda yeye, mita 86.18. Wa pili alikuwa Yego, 84.51. Miaka 36, mzee wa mchezo huu, alikwenda mpaka Uhindi kutupa mbele ya maelfu ya watu waliokuja kuona mkuki na si kriketi. Tungependa kujua alifikiri nini akiwaona.

Sasa maneno kwa bwana Perefe, na ninyi wenzetu myasome pia.

Tulipofika kwake mara ya kwanza tuliomba fimbo zirudishwe. Leo hatuombi hivyo tena. Bwana Perefe ana haki ya kuogopa, na hayuko peke yake. Mwaka 1984 huko Berlin, mtupaji wa Ujerumani ya Mashariki anayeitwa Uwe Hohn alitupa mita 104.80, mkuki ukafika karibu na mwisho wa uwanja. Wakubwa wa riadha wakaona siku moja utaingia katika watu. Wakabadilisha mkuki wenyewe, na tangu 1986 uzito wa mkuki wa wanaume umesogezwa mbele kidogo, sentimeta nne tu, ili ncha ianguke mapema. Rekodi zikaanza upya. Kama dunia nzima iliogopa mkuki wa Hohn, masomo moja ya Kinsevere ina haki ya kuogopa fimbo ya mukalatusi. Tena fimbo yenye ncha iliyochongwa haifundishi vizuri, inapinda hewani, na mtoto anaanza kuitupa kwa kuisukuma kama jiwe. Akizoea hivyo ni taabu kumtoa.

Tumeona kwamba watoto wa Ulaya hawaanzi na mkuki wenye ncha. Wanaanza na mpira mdogo, au na kitu cha plastiki chenye kichwa laini. Sisi tumejaribu soksi iliyojazwa mchanga, gramu 400 hivi, imefungwa kwa kamba. Inafaa sana. Mguu wa kushoto unajifunza breki yake kwa soksi sawa na kwa mkuki, na soksi ikipiga ndoo, ndoo inabaki nzima. Tulijaribu siku ya posho, saa ya watu wamekwisha kwenda, mwalimu wa michezo akiwepo. Binti yule wa mwaka wa tano, tuliyemtaja juu, aliwashinda wavulana wote isipokuwa wawili. Jina lake hatulitii hapa, hataki.

Tunaomba basi mambo haya. Upande wa nyuma wa uwanja, kule pasipo njia ya kisima, paachwe siku ya posho kwa wenye kutaka, kuanzia soksi. Watupaji wote wasimame nyuma ya mstari mmoja, asitupe mtu mwingine akiwa mbele, na hakuna kwenda kuokota mpaka wote wamemaliza, na kwenda ni kwa kutembea, si kwa kukimbia. Kapita mmoja asimame pale na filimbi. Sisi wa mwaka wa mwisho tutaondoka baada ya mtihani, kwa hiyo tumekwisha kuongea na wawili wa mwaka unaotufuata, wamekubali. Halafu kama mwaka ujao kamati ya wazazi itaweza, mkuki mmoja wa kweli wa gramu 600, ambao wasichana watautumia na wavulana wadogo pia. Mmoja tu. Mwalimu wa michezo alisema yuko tayari kuufungia katika kabati lake na kubeba ufunguo.

Nchi yetu haijapata bado medali hata moja ya Olimpiki, tangu ilipokwenda mara ya kwanza mwaka 1968. Hatusemi itatoka hapa. Tunataja tu kwa sababu bwana Perefe mwenyewe alilisema siku ya kufungua mwaka, tukaona alisikitika.

Uwanja tumeupima kwa kamba yenye mafundo ya mita tano. Una mita 87 tangu ukuta mpaka ua wa miti. Mkuki wa Yego wa Beijing ungepita ua na kuanguka katika muhogo wa papa mlinzi. Tulimwonyesha mahali penyewe, akasimama pale, akaangalia ukuta kule mbali, akasema, "Bongo." Tukamwonyesha video. Akaomba airudie mara mbili, mega zikaisha.

Fimbo kumi na sita ziko katika chumba cha vyombo, zimefungwa pamoja, wenye nazo wataambiwa. Nondo papa mlinzi aliiomba kwa ajili ya kufunga mlango wa nyumba ya kuku. Tumempa.